Sheria za Pombe na Usalama wa Watu: Tulikotoka na Funzo Tulilopata



Hesabu za fedha katika taarifa hii zaonyesha kilichoingia na kilichotoka. Historia nayo ina hesabu yake, na katika jambo la pombe hesabu hiyo ni ya roho za watu. Makongeni ni mtaa wa wafanyakazi. Jina lake lakumbusha mashamba ya makonge, na watu wake wengi wamelelewa kwa mshahara wa viwanda vya Thika. Mahali pa namna hii, mshahara ukipotea katika chupa nyumba nzima hulala njaa. Kwa hiyo yatupasa kujua sheria za pombe zilitoka wapi, na kwa nini mara nyingi zimeshindwa kutulinda.

Zamani, kabla ya reli kufika Thika mwaka 1913, nchi hii haikukosa pombe wala haikukosa sheria ya pombe. Wakikuyu walitengeneza muratina kwa asali au maji ya miwa, wakaichachusha kwa tunda la mwegea. Jirani zetu Wakamba nao walikuwa na pombe yao. Pombe hiyo ilikuwa na wakati wake: mahari, baraka, na upatanisho wa waliogombana. Ilikuwa ni haki ya wazee, na kijana hakuthubutu kuigusa. Askari hakuwapo, walakini mlinzi alikuwapo, kwa maana kila aliyekunywa alikunywa mbele ya watu waliomjua yeye na baba yake.

Wakati wa ukoloni mambo yaligeuka. Mataifa ya Ulaya yalipatana huko Brussels mwaka 1890, na tena Saint-Germain mwaka 1919, kuzuia pombe kali isiuzwe kwa Waafrika. Hapa Kenya katazo hilo lilifuata rangi ya mtu: Mzungu alikunywa wiski yake kwa raha, na Mwafrika kwa miaka mingi hakuruhusiwa hata bia ya chupa. Kiwanda cha bia cha Ruaraka kilianza mwaka 1922, lakini si kwa ajili yake. Katika miaka hiyo ya 1920 Baraza la Mji wa Nairobi lilijitwalia peke yake biashara ya pombe ya Waafrika, likafungua kilabu Pumwani kwa kufuata mfano wa Durban, ambako utaratibu huo ulianza kwa sheria ya Natal ya mwaka 1908. Faida yake iliwekwa katika mfuko wa kuwahudumia Waafrika. Ndiyo kusema ustawi wa Mwafrika ulilipiwa kwa ulevi wake mwenyewe.

Mwanamke aliyepika pombe nyumbani alikamatwa na kutozwa faini. Lakini watu waliona kwamba pombe ile ile ikiuzwa na Baraza haina kosa. Wakajifunza kwamba msako haukuja kwa ajili ya usalama wao. Tangu siku hizo kumficha mpika pombe kulihesabiwa kuwa ujirani mwema, na kumtaja kulihesabiwa kuwa usaliti. Mzizi huo haukung'oka Uhuru ulipokuja mwaka 1963.

Serikali ya Kenya huru ilitunga sheria ya pombe za kienyeji mwaka 1971, na mwaka 1980 ikatunga sheria ya kupiga marufuku chang'aa kabisa. Nia ilikuwa njema. Lakini chang'aa haikwisha; ilihamia gizani, kandokando ya mito na nyuma ya nyumba, mahali ambapo hapana mtu wa kupima kilichomo. Ndipo tamaa ilipoingiza methanoli. Hiyo ni spiriti ya viwandani, ambayo kwa macho na harufu ni vigumu kuitofautisha na pombe ya kawaida. Ikiingia mwilini hugeuka asidi inayoharibu mshipa wa jicho. Mililita 10 zaweza kumpofusha mtu, na 30 zaweza kumwua. Tena haiui papo hapo: mnywaji huenda akalala mzima, kesho yake akaamka haoni, akadhani bado ni usiku.

Mwezi wa Novemba 2000, katika vitongoji vya Nairobi vikiwamo vya Mukuru, pombe iliyoitwa kumi kumi kwa kuwa glasi yake ilikuwa shilingi kumi iliua watu zaidi ya 100, na wengine wengi wakapofuka. Mwaka 2005 Machakos ilizika zaidi ya 40. Mei 2014 msiba ulifika kaunti kadhaa kwa mara moja, Embu na Kiambu yetu zikiwamo, na waliokufa walipita 60.

Katikati ya misiba hiyo ilipatikana sheria ya mwaka 2010, ambayo wengi huiita Sheria ya Mututho kwa jina la mbunge aliyeileta. Ilifuta katazo la chang'aa ili ipikwe kwa leseni na kupimwa. Ilikataza kumwuzia aliye chini ya miaka 18, ikakataza baa karibu na shule kwa umbali wa mita 300, na ikaweka saa za kuuza: saa kumi na moja jioni hadi saa tano usiku siku za kazi. Katiba ya mwaka huo huo iliweka leseni za pombe mikononi mwa kaunti. Kwa maandishi, ni sheria nzuri.

Lakini sheria hufanya kazi kwa mikono ya watu. Julai 2015 Rais Uhuru Kenyatta aliamuru pombe hatari iteketezwe. Makundi yakamwaga na kuvunja, na wenye leseni wakalalamika kwamba mali yao iliharibiwa pia. Kelele zilipotulia, wauzaji walirudi. Februari 2024 watu 17 walikufa Kirinyaga, na iliripotiwa kwamba pombe iliyowaua ilikuwa imekwisha kukamatwa, ikawekwa kituoni kama ushahidi, kisha ikatoroshwa na kurudi dukani. Mwezi uliofuata Serikali ilitangaza masharti mapya. Tujiulize: ikiwa aliyepewa kulinda ndiye anayefungua mlango, msako wa pili utafaa nini?

Historia yatufundisha kwamba sheria ya pombe hushindwa inapotafuta fedha badala ya usalama, inapokuja kwa vishindo na kuondoka, na inapowakuta wananchi wamenyamaza. Hayo mawili ya kwanza ni ya wenye madaraka. La tatu ni letu sisi.

Najua ugumu wake. Mpika pombe mara nyingi ni mama mjane anayelipa karo, naye ni jirani yetu. Mzee mmoja aweza kusema, nikimtaja watoto wake watakula nini? Swali hilo ni la haki. Lakini watoto wa yule aliyepofuka nao watakula nini? Chama cha ustawi kina njia ambayo polisi hawana: kumwendea mama huyo kwanza, kumwonyesha kazi nyingine na kumsaidia mtaji. Lakini yule anayetia sumu kwenye mapipa tusimwonee haya. Tena sheria yawapa wakazi haki ya kupinga ombi la leseni kabla halijakubaliwa. Tukiuona mlango wa baa ukifunguliwa kando ya shule na tusiandike hata barua moja, tusiilaumu Serikali peke yake.

Wazee wetu wa kale walilinda vijana kwa jicho lao tu. Jicho hilo bado tunalo. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa huu umekwisha kuwapitisha watu wengi kwenda kaburini.