Usalama wa mitandao ya simu (Mautuma)

Mautuma ni wadi katika eneobunge la Lugari, kaunti ya Kakamega nchini Kenya, eneo la mahindi. Tangu M-Pesa, huduma ya pesa kwa simu, ilipoanza Machi 2007, laini ya simu ndiyo kibindo cha wengi, na anayezungumzia usalama wa mtandao hapa huzungumzia kwanza pesa.

Wizi wa laini

Tapeli hutafuta kwanza nambari ya kitambulisho, jina kamili na mwaka wa kuzaliwa. Akishavipata hujifanya mwenye laini iliyopotea, apewe kadi mpya. Simu ya mwenyewe hupoteza mtandao ghafla, naye hudhani mnara umeharibika. Kabla hajafika kwa wakala, nambari ya siri imebadilishwa na akaunti imekombwa. Kampuni ya simu ya Safaricom ilileta *100*100#, ambayo humzuia wakala kutoa kadi mbadala hadi mwenye laini afike mwenyewe kwenye duka la kampuni. Ni kinga nzuri, ila inamfaa aliyeisikia tu.

Njia nyepesi zaidi, na ya kale, ni arafa ya uongo: "pesa" zimeingia kimakosa, kisha mtu mpole anapiga kuomba arudishiwe. Hapo hakuna mtambo uliovunjwa. Mulot, soko la mpakani mwa Bomet na Narok, limetajwa mno katika kesi za namna hii, hata jina lake likawa kama la kazi.

Hewani

Katika 2G, kizazi cha pili cha mitandao ya simu, simu hujitambulisha kwa mnara, lakini mnara haujitambulishi kwa simu, kwa hiyo mnara wa bandia unaweza kuinasa. Mwaka 2009 mtafiti Mjerumani Karsten Nohl alionyesha kuwa usimbaji wa A5/1, unaofunika mazungumzo ya GSM (mfumo wa 2G), unaweza kufumbuliwa kwa vifaa vya bei nafuu. 3G iliziba pengo la kutambuana. Mwenye kabambe, simu ndogo ya vitufe, ya 2G pekee bado yuko upande wa zamani.

Sheria

Usajili wa laini ulianza 2010, na kanuni zake zikatolewa upya 2015. Simu bandia zilizimwa kuanzia usiku wa 30 Septemba 2012. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mitandao ni ya 2018. Ya Ulinzi wa Data, 2019.

Wi-Fi

Simu ikitumia Wi-Fi badala ya mnara, kinga yake ni usimbaji wa Wi-Fi. Kati ya viwango vyake, WEP ni dhaifu mno. WPA2 ilikuja 2004, WPA3 2018.