Nusu Karne ya Kumweka Bayes Kabatini

Mchungaji Thomas Bayes wa Tunbridge Wells, Uingereza, alifariki mwaka 1761, na insha yake juu ya uwezekano ikachapishwa mwaka 1763 kwa juhudi za rafiki yake, Richard Price. Miaka 200 baadaye, mwaka 1963, Ward Edwards, Harold Lindman na Leonard Savage waliwaita wanasaikolojia kupitia jarida la Psychological Review waifuate kanuni ya Bayes: mtafiti aweke wazi anachokiamini kabla ya jaribio, kisha data impandishie au imshushie imani hiyo. Walionya pia kwamba desturi iliyoenezwa na mwanatakwimu R. A. Fisher, ya kutangaza ugunduzi thamani ya p (uwezekano wa kupata matokeo makubwa kiasi hicho au zaidi ikiwa hakuna tofauti) ikishuka chini ya 0.05, huikataa kwa wepesi mno dhana ya kwamba hakuna tofauti. Wito wao ukawekwa kabatini kwa karibu nusu karne.

Wengi husema kilichokosekana ni kompyuta. Kwa hesabu nzito ni kweli. Lakini mwanahisabati Harold Jeffreys alikwisha kueleza mwaka 1939 namna ya kupima dhana mbili kwa ushahidi uleule, na kwa ulinganisho mwepesi penseli ilitosha. Kilichokosekana hasa ni haja: 0.05 iliwapa wahariri njia ya kukata shauri bila mabishano. Haja ililetwa na Daryl Bem wa Chuo Kikuu cha Cornell mwaka 2011, kwa majaribio 9 yaliyodai kwamba binadamu huhisi mambo yajayo; 8 kati yake yalipita mtihani wa p. Ama watu wanatabiri, ama mtihani wenyewe ni mbovu! Eric-Jan Wagenmakers na wenzake walikokotoa upya kwa njia ya Bayes: kati ya vipimo 10 vya majaribio hayo, kimoja tu kilimuunga Bem mkono kwa uzito, 3 vilimpinga, na 6 havikusema lolote la maana.

Bem na wenzake walijibu kwamba imani ya awali ilichaguliwa vibaya, na kwamba anayetarajia athari ndogo atapata jibu jingine. Hoja hiyo ina uzito, ila inaitetea njia wanayoilaumu: kilichobishaniwa kiliandikwa waziwazi, na msomaji yeyote angeweza kukibadilisha na kukokotoa upya. Pingamizi lenye nguvu zaidi ni jingine. Mwaka 2015 tafiti 100 za saikolojia zilirudiwa. Asilimia 97 za awali zilikuwa zimevuka mstari wa p, lakini ziliporudiwa zilivuka asilimia 36 tu. Sehemu ya pengo hilo hutokana na majaribio yaliyoshindwa kufichwa, na anayeyaficha atamdanganya Bayes kama alivyomdanganya Fisher.