Sheria ya anga za juu: chuma kikidondoka shambani kwako, nani analipa?

Wadau, Desemba 30, 2024 kijiji cha Mukuku, kaunti ya Makueni nchini Kenya, lilidondoka duara la chuma kutoka juu. Upana mita 2.5 hivi, uzito kilo 500 hivi. Shirika la Anga za Juu la Kenya likasema ni pete ya kutenganisha sehemu za roketi. Bahati nzuri hakuna aliyeumia. Sasa lingetua huku kwetu Suma, katikati ya migomba ya mtu, angemdai nani? Jibu lipo, tena la zamani.

ILIKOANZIA

Oktoba 4, 1957 Wasovieti walirusha Sputnik, setilaiti ya kwanza. Wakati huo wao na Wamarekani walikuwa kwenye vita baridi, kila mmoja anahofia mwenzake asije akaning'iniza bomu la nyuklia huko juu. Umoja wa Mataifa ukaunda kamati ya kudumu mwaka 1959, ukapitisha azimio la kanuni 1963, halafu ukaja Mkataba wa Anga za Juu. Ulianza kusainiwa Januari 27, 1967 na kutumika Oktoba 10 mwaka huohuo. Nchi zaidi ya 110 zimo.

KANUNI ZENYEWE

1. Anga za juu ni huru kwa nchi zote, tajiri na maskini.
2. Hakuna nchi kujimilikisha mwezi, sayari wala kipande cha anga.
3. Marufuku kuweka silaha za nyuklia kwenye mzunguko wa dunia.
4. Nchi inawajibika hata kwa kampuni binafsi zake.
5. Aliyerusha anabeba hasara atakayowasababishia wengine.

Kanuni ya pili iliwahi kutugusa. Desemba 3, 1976 kule Bogotá, Kenya, Uganda na Zaire (leo DRC) ziliungana na nchi nyingine za ikweta kudai njia ya setilaiti iliyo juu yao, kama kilomita 36,000 kwenda juu. Wakubwa wakagoma, wakasema hiyo ni kujimilikisha anga. Dai likafia hapo.

NANI ANALIPA?

Mkataba wa Fidia wa 1972 unasema madhara yakitokea hapa ardhini, nchi iliyorusha inalipa hata kama haikufanya uzembe wowote. Yakitokea hukohuko juu, lazima kosa lithibitishwe. Ila dai chini ya mkataba huu ni la serikali kwa serikali, na kwa kawaida lipelekwe ndani ya mwaka mmoja. Mwenye shamba hapandi ndege kwenda kudai mwenyewe.

Mfano upo. Januari 1978 setilaiti ya Kisovieti Cosmos 954, yenye mtambo wa nyuklia, iliangukia Kanada. Kanada ikadai dola za kwao milioni 6 hivi, mwaka 1981 ikalipwa milioni 3.

UKIKIOKOTA

Usikiguse, mabaki mengine yana mafuta yenye sumu. Toa taarifa kwa mwenyekiti wa kijiji au polisi. Na usikimbilie kwa wanunuzi wa chuma chakavu! Makubaliano ya 1968 yanataka chombo kirudishwe kwa aliyekirusha akikiomba, na gharama za kukitafuta na kukirudisha ni zake. Halafu namba na alama za kile chuma ndizo zinazosaidia kumjua mwenyewe. Ukishakiuza kwa kilo, serikali itamdai nani?

Haya wadau, mnasemaje?