Tunguu Hapakuwa na Kombora

Wanafunzi wangu hapa Babati wanaijua Area 51 kuliko wanavyoijua Tunguu. Simu zimewafikisha hadi jangwa la Nevada, kwenye ndege za ajabu na viumbe wanaodaiwa kufichwa na jeshi la Marekani. Ukiwauliza Tunguu iko wapi, darasa zima kimya. Nafundisha historia, na kimya hicho kinaniuma. Zanzibar iliwahi kuwa na mahali ambapo watu wengi waliamini kwa dhati kuwa ni kambi ya siri ya makombora, na kisa chake kina mafunzo kuliko cha Nevada.

Oktoba 1960, Uingereza, iliyokuwa ikiitawala Zanzibar kwa jina la ulinzi, ilikubaliana na Marekani kijengwe kituo cha kufuatilia vyombo vya anga huko Tunguu, shamba, nje ya mji wa Unguja. Kilikuwa sehemu ya mradi wa Mercury wa NASA, uliokusudia kumpeleka mtu angani na kumrudisha salama. Zama hizo hapakuwa na setelaiti za kupokezana mawasiliano. Redio ilimfikia rubani pale tu chombo chake kilipokuwa juu ya upeo wa macho, na kwa mwendo ule zilikuwa dakika chache mno. Ndiyo maana vituo vilitandazwa njiani. Chombo kikitoka Florida kilivuka Atlantiki, kikapita juu ya Kano, Nigeria, kisha Zanzibar, kikaingia Bahari ya Hindi kuelekea Australia.

Kituo cha Tunguu kilikuwa na antena, mashine za kupokea vipimo vya chombo na vya mwili wa rubani, na redio ya kuzungumza naye. Hakikuwa na kitu cha kurusha. Tarehe 20 Februari 1962 John Glenn alizunguka dunia mara tatu. Alipokuwa kwenye anga ya Zanzibar alifanya mazoezi kwa kuvuta kamba ya mpira, na huku chini mapigo ya moyo wake yakasomwa. Dakika chache baadaye jua likamchwea juu ya Bahari ya Hindi. Kila nikilifundisha somo hili hufikiri jinsi wavuvi wa Chwaka walivyokuwa baharini siku hiyo, na juu yao mtu akiulizwa hali yake kutoka shamba la jirani.

Mtaani yalisemwa mengine. Ilisemwa kwamba pale ni pa makombora, pa atomiki, na kwamba vita ikizuka kati ya wakubwa, Unguja itakuwa ya kwanza kuteketea. Chama cha Hizbu, ambacho Abdulrahman Babu alikuwa katibu mkuu wake, kiliipinga kambi hiyo hadharani na watu wakaandamana. Hizbu ilipoingia serikalini mwaka 1961, kituo kilibaki palepale, na maneno nayo hayakwisha.

Nimesikia wasomi wakiwabeza wazee wale kwa kuamini uvumi. Mimi nawatetea, na huwatetea mbele ya darasa kwa tarehe. Tarehe 13 Februari 1960 Ufaransa ililipua bomu lake la kwanza la atomiki huko Reggane, katika Sahara, ndani ya Afrika hii hii. Tarehe 1 Mei mwaka huohuo Wasovieti waliitungua ndege ya Marekani aina ya U-2. Marekani ikatangaza kwamba ni ndege ya NASA ya kuchunguza hali ya hewa iliyopotea njia, na hata ikaipaka ndege nyingine alama za NASA ili waandishi wa habari waione. Siku chache baadaye Khrushchev, kiongozi wa Wasovieti, akatangaza hadharani kwamba rubani, Francis Gary Powers, yu hai, na uongo ukaanguka. Ilikuwa ndege ya ujasusi ya CIA. Haikupita hata nusu mwaka, NASA hiyohiyo ikapewa ardhi Unguja. Wewe ungeamini?

Kuna la zaidi. Roketi iliyombeba Glenn, Atlas, ilibuniwa kwanza kuwa kombora la masafa marefu la kubeba bomu la nyuklia. Glenn mwenyewe alikuwa ofisa wa kijeshi, kama wenzake wote sita wa kundi la kwanza la wanaanga. Waliosema Tunguu ina harufu ya jeshi hawakuota. Walikosea kuhusu kilichokuwamo ndani ya uzio, lakini walimsoma vizuri mwenye uzio.

Na hiyo U-2 ilijaribiwa wapi? Groom Lake, Nevada, kuanzia mwaka 1955, mahali ambapo wanafunzi wangu wanapaita Area 51. Iliruka juu kuliko ndege yoyote ya abiria ya wakati ule, zaidi ya kilometa 18. Watu waliona kitu kinang'aa juu sana wakati huku chini jua limeshazama, wakaripoti vyombo visivyojulikana. Serikali ilijua ni nini, ikanyamaza. Nyaraka za CIA zilizokiri kuwapo kwa kituo hicho zilitolewa mwaka 2013. Kwa karibu miaka sitini raia waliachiwa pengo, wakalijaza kwa viumbe wa sayari nyingine. Unguja pengo lilijazwa kwa makombora, na nadhani Waunguja walikisia karibu zaidi na ukweli kuliko Wamarekani wenyewe.

Sisi wa Babati tuna pengo letu. Aprili 1916, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, wapanda farasi wa Jenerali van Deventer kutoka Afrika Kusini walipita Ufiome, huku kwetu, wakielekea Kondoa Irangi, na Wajerumani wakarudi nyuma mbele yao. Tangu hapo, mtu akiona alama kwenye jiwe mlimani, husema Mjerumani alifukia mali. Watu wanachimba. Uvumi huu umekula jasho la watu bila kubadili lolote. Ule wa Tunguu ulibadili ramani: baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 Wamarekani wengi waliondolewa kwa meli ya kivita Manley, na Aprili mwaka huo Rais Karume akataka kituo kiondolewe. Kazi yake ikahamia Madagaska, ambako nako Wamarekani waliambiwa wafunge mwaka 1975.

Leo Tunguu kuna Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar. Ningeomba wanafunzi wa historia wa pale wakae na wazee wa vijiji vya jirani, waliokuwa vijana mwaka 1962, wawaulize nani aliwaambia habari za makombora, kwa maneno gani, na nani alithubutu kusogelea uzio. Majibu ya Wamarekani yapo kwenye makabati yao. Ya wazee hawa yamo vifuani mwao, na wanazidi kupungua.