Vidole vya Kigarama

Ukitoka Hamugembe, mjini Bukoba, kuelekea kaskazini, unapita Kashozi, ambako mapadri wa White Fathers walifungua misheni mwaka 1892, kisha unaingia Kiziba, nchi ya Mukama (mfalme) Mutahangarwa enzi za Wajerumani. Vijana wa Kiziba walipita huku kwenda Uganda kutafuta vibarua, na mwanzoni mwa karne ya 20 wapo waliorudi na malale.

Mwaka 1907, mtaalamu wa vijidudu Robert Koch akiwa bado visiwani Ssese, Uganda, akichunguza malale, Wajerumani walifungua kambi ya malale Kigarama, huko huko Kiziba, chini ya Daktari Robert Kudicke. Malale hushambulia ubongo, lakini ubongo wa mtu aliye hai haukuonekana. Wakatafuta dalili shingoni. Wenyeji walifundishwa kupapasa tezi: vidole vinapita nyuma ya shingo, vinashuka pembeni, vinatulia penye uvimbe. Tezi iliyotiliwa shaka ilichomwa sindano na majimaji yake yakatazamwa kwa hadubini. Dawa ilikuwa atoksili, yenye aseniki, na wapo iliowapofusha. Hilo halisameheki kirahisi. Hata hivyo, wale wapapasaji walizijua shingo za watu wao.

Nimewakumbuka nikisoma habari za kifafa. Kule Mahenge, mkoani Morogoro, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960, Daktari Louise Jilek-Aall aliwatibu wagonjwa waliokuwa wakitengwa kwa hofu kwamba kifafa huambukiza. Aliwaona pia watoto ambao wenyeji walisema “amesinzia kichwa”. Ripoti ya mwaka 2008 ilionyesha kwamba kati ya wagonjwa 12 wa namna hiyo waliopigwa picha za MRI, 8 walikuwa na kasoro kwenye hipokampasi, sehemu ya ubongo inayotunza kumbukumbu.

Sasa kupapasa kumehamia kwenye kompyuta. Programu ya MELD Graph, iliyotangazwa mwaka 2025 na watafiti walioko London, hupita juu ya gamba la ubongo nukta kwa nukta, ikipima unene na mikunjo na kulinganisha upande wa kushoto na wa kulia. Inatafuta sehemu ndogo zilizojipanga vibaya tangu mtoto akiwa tumboni, chanzo cha kifafa ambacho mara nyingi dawa hazikitulizi lakini upasuaji unaweza kukiondoa. Ilifundishwa na kujaribiwa kwa picha za watu 1,185 kutoka vituo 23, ikabaini asilimia 64 ya kasoro ambazo madaktari wa picha hawakuziona.

Nafurahi, kwa sababu kuna mtoto atakayepona. Ila programu huona ilichofundishwa kuona. Kifafa cha kwetu mara nyingi hutokana na mtoto kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, malaria iliyopanda kichwani, au mabuu ya tegu wa nguruwe yaliyojificha kwenye ubongo. Makovu hayo yanahitaji programu iliyofundishwa kwa picha za wagonjwa wa huku.

Picha hizo zinaweza kuanza kupatikana ng'ambo ya mpaka ule ule waliouvuka vijana wa Kiziba. Mwaka 2022, Johnes Obungoloch na wenzake wa Chuo Kikuu cha Mbarara, wakishirikiana na Waholanzi, waliunganisha hapo hapo chuoni mashine ya MRI ya sumaku za kudumu, iliyoletwa vipande vipande. Nguvu yake ni ndogo, na kasoro ndogo zinazotafutwa na MELD zinaweza kuipita. Lakini ilikusudiwa kwanza kwa watoto wenye vichwa vikubwa, na maji yaliyojaa kichwani inaweza kuyaonyesha.