Deni la Mama na Hesabu za Chuo Kikuu

Wenzangu, hesabu iliyonitoa jasho chuo kikuu nilikuwa nimeshaiona kwetu Shanwe, pale Mpanda, tena gengeni kwa mama.

Mvua ilinyesha, daftari la madeni likalowa. Bei zikafutika, yakabaki majumla tu. Na bei zenyewe zilikuwa zikipanda kila wiki, nani azikumbuke? Mteja mmoja alikopa madebe mawili ya mahindi na moja la karanga: shilingi 50,000. Mwingine, debe moja la mahindi na moja la karanga: 38,000. Mama, aliyeishia darasa la saba, akawaza kidogo. "Wa kwanza kamzidi mwenzake debe moja la mahindi tu. Basi mahindi 12,000, karanga 26,000." Akaendelea kupanga nyanya.

Mwaka wa kwanza chuoni, mwalimu akajaza ubao namba ndani ya mabano makubwa, kwa Kiingereza cha kasi. Eti matriksi. Jaribio la kwanza nikapata 4 kwa 20. Nikajiambia, hesabu hizi za Wazungu si za mtoto wa Shanwe.

Kilichonirudisha ni historia. Miaka kama 2,000 iliyopita, kitabu cha Wachina kiitwacho Sura Tisa kilikuwa na hesabu za mafungu ya nafaka ya madaraja matatu. Walipanga vijiti safu safu, wakatoa safu moja kwenye nyingine mpaka kikabaki kitu kimoja kisichojulikana. Ulaya njia hiyo ikaja kuitwa kwa jina la Gauss, Mjerumani aliyezaliwa 1777. Neno matriksi lenyewe Sylvester, Mwingereza, alilileta 1850. Kumbe mama alikuwa ametoa safu kwenye safu!

Kalkulasi nayo nikaikuta relini. Reli ya Kaliua hadi Mpanda, kama kilomita 210, ilijengwa kwa ajili ya mgodi wa madini ya risasi, ikamalizika 1950. Tuseme treni inaimaliza kwa saa 10: wastani kilomita 21 kwa saa. Je, pale inapopita darajani ina mwendo gani? Pima umbali wa dakika moja, kisha wa sekunde moja, kisha chini ya hapo, uone namba inasogelea wapi. Newton aliyafikiri hayo 1665 na 1666, chuo chake kilipofungwa kwa tauni akarudi kwao kijijini. Leibniz akachapisha ya kwake 1684. Baadaye wakagombania nani wa kwanza.

Tangu 1967 shule zetu za msingi za serikali zinafundisha kwa Kiswahili. Ukivuka, lugha inabadilika, na wengi tunadhani hesabu nayo ni ngeni. Ninyi mnaotaka kuandika, msiwaachie wenye mashairi peke yao. Andikeni na hizi.

Nilimaliza mwaka kwa kufaulu. Likizo nikamsimulia mama habari za Wachina. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: "Na wao, walilipwa?"