Kondo na Suluhu katika Mji wa Mimba

Katika Kiswahili cha kale neno kondo lina maana mbili. Washairi wa pwani walilitumia kwa vita na ugomvi. Wakunga walilitumia, na hata leo hulitumia, kwa ile nyama itokayo nyuma ya mtoto azaliwapo. Sidai kwamba maneno hayo ni ya shina moja. Huenda yamekutana kwa sauti tu. Lakini wataalamu walipoanza kuichunguza kondo ya wakunga, jambo la kwanza walilolitafuta ndani yake lilikuwa kondo ya washairi. Insha hii yaeleza jinsi walivyotafuta vita miaka mingi, wakakuta suluhu.

Habari yaanza katika Vita Kuu ya Pili. Watu wengi waliungua, na waganga wa Uingereza walijaribu kuziba majeraha yao kwa ngozi ya watu wengine. Ngozi hiyo ilishika kwa muda mfupi, kisha ikafa. Mwaka 1943 Peter Medawar na daktari mpasuaji Thomas Gibson, waliofanya kazi pamoja mjini Glasgow, walieleza kwamba ngozi ya mtu yule yule ikibandikwa mara ya pili hufa upesi kuliko mara ya kwanza. Mwili, basi, una kumbukumbu. Mgeni aliyepata kuingia hausahau uso wake.

Mwaka 1953 Medawar aliuliza swali ambalo mama yeyote angeliweza kuuliza, lakini hakuna mtaalamu aliyekuwa amelipanga vizuri kama yeye. Mtoto hupata nusu ya urithi wake kwa baba. Kwa mwili wa mama, basi, yeye ni nusu mgeni. Ikiwa ngozi ya mgeni hukataliwa, mtoto hukaaje miezi tisa? Medawar alipendekeza majibu matatu: kwamba uko ukuta baina ya mama na mtoto, kwamba mtoto hajapevuka kiasi cha kutambulikana kuwa mgeni, au kwamba kinga ya mama hulegea wakati wa mimba.

Swali hilo liliwaongoza wataalamu zaidi ya nusu karne, ingawa katika majibu yake hakuna hata moja lililosimama peke yake. Ukuta haukuwa mzima. Tangu 1939 Philip Levine na Rufus Stetson walikuwa wameeleza kwamba mama aweza kutengeneza silaha za kuipinga damu ambayo mtoto ameirithi kwa baba. Na mwaka 1996 Diana Bianchi na wenzake walionyesha kwamba chembe za mtoto wa kiume zaweza kudumu katika damu ya mama hata miaka 27 baada ya kuzaliwa. Mtoto naye alikutwa na alama zake. Wala kinga ya mama hailali, maana mjamzito huendelea kupigana na maradhi mengi.

Hapo chembe zenyewe zikaitwa kutoa ushahidi. Katika miaka ya 1970 ilitambuliwa aina ya chembe nyeupe za damu iwezayo kuua chembe za saratani bila kufundishwa kwanza, ikaitwa wauaji wa asili. Baadaye ilibainika kwamba chembe za jamii hiyo hujaa katika utando wa mji wa mimba miezi ya mwanzo, kiasi cha 70 katika kila 100 ya chembe za kinga zilizopo hapo. Aliyesikia jina angedhani jeshi limepanga safu kumngoja mtoto. Kumbe wauaji hao ni wajenzi: husaidia kuipanua mishipa ya mama ili kondo ipate damu ya kutosha. Chembe za kondo nazo huficha alama nyingi za mwili na kuonyesha chache tu, na mojawapo ya hizo chache, iitwayo HLA-C, yaweza kuwa ya baba. Kwa alama hizo pande mbili hupatana kondo ipenye kiasi gani.

Mwafaka ukipungua, mishipa haipanuki vema, na mama aweza kupatwa na maradhi yatanguliayo kifafa cha mimba. Jambo hili halikuchunguzwa Ulaya peke yake. Katika hospitali ya Mulago, Kampala, Annettee Nakimuli wa Chuo Kikuu cha Makerere, akishirikiana na Ashley Moffett wa Cambridge, alichunguza urithi wa akina mama wa Uganda; na mwaka 2015 wakatangaza kwamba uko urithi wa chembe hizo, upatikanao kwa Waafrika na usioonekana kwa Wazungu, ambao humkinga mjamzito na maradhi hayo.

Yafaa tuyakumbuke haya nje ya maabara pia. Mimba inapoharibika, mara nyingi mwanamke huulizwa peke yake: alikula nini, alibeba nini, alimkosea nani. Lakini mimba ni mkataba ambao mama, mtoto na urithi wa baba wote wameutia sahihi, kwa mkono usioonekana. Mkataba wa watatu ukivunjika, ni dhuluma kumshitaki mmoja.